Wifi Yangu, Mpima Ufa

Simu ya mezani ya ofisi yetu ikilia asubuhi, huwa naipokea mimi, kwa kuwa iko upande wangu wa meza. Mara nyingi anayepiga akishasikia sauti yangu, yake hupoa kidogo. "Aa, ni wewe? Haya, hujambo mama. Katani yupo?" Basi namnyooshea wifi yangu mkonga wa simu juu ya rundo la majalada, naye huanza kucheka hata kabla hajaambiwa kitu. Anayepiga aweza kuwa mwenye mashine ya kusaga, au muuguzi wa zahanati, au mama mkwe wangu mwenyewe. Nina miaka kumi na saba katika kitengo cha maafa cha wilaya hii. Nina shahada, nina mhuri wenye jina langu. Sijapigiwa simu hata mara moja na mtu anayetaka tu kuniambia kwamba maji ya kisima chake yamebadilika rangi.

Habari za wifi yangu naziandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika, na yeye akiombwa atauliza, "Za nini?" Nitasema yote, pamoja na yale yanayonihusu, maana bila hayo habari yenyewe haiendi.

Alizaliwa kitinda mimba, miaka minne nyuma ya mume wangu. Alikuwa kidato cha pili baba yao alipopooza, na katika nyumba ya watoto watano ikaonekana wa kubaki ni yeye. Hakuna aliyemwamuru. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake, yeye alikuwa na masomo tu, na masomo hayakuhesabiwa kuwa shughuli. Alimgeuza mzee kitandani miaka sita, na mzee akaondoka duniani bila kidonda hata kimoja mgongoni. Baadaye aliolewa na fundi seremala, ambaye alikwenda mbali kutafuta kazi, akawa anatuma salamu, kisha salamu nazo zikakoma. Akarudi kwa mama yake na sanduku moja. Hakulia mbele ya mtu. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, huko ofisini kwenu hamna hata kazi ya kufagia?"

Ilikuwapo. Ni mimi niliyemwombea. Hilo watu wamelisahau, na siwezi kuwakumbusha bila kujishusha.

Akaanza kama mhudumu: kufagia, kuchemsha chai, kupeleka majalada kutoka chumba hiki hadi kile. Jina la Katani alilipata hapo hapo, kwa sababu mfukoni mwa gauni lake la kazi hakikosekani kibonge cha uzi wa katani, ule tunaofungia majalada. Mwaka wake wa pili, mzee aliyekuwa akisoma kipimo cha mvua nyuma ya ofisi alistaafu. Mkuu wa kitengo akasema kwa kuwa ni kazi ya dakika tano, Katani aifanye wakati anasubiri maji yachemke. Tangu siku hiyo, saa tatu kamili asubuhi, hajakosa. Siku ya kumzika shangazi yao alifika na nguo za msiba, akasoma, akaandika milimita nne, akaenda kuzika. Mimi siku hiyo nilichukua ruhusa tangu asubuhi. Nilipofika msibani mama mkwe alimwuliza binti yake, mbele yangu, "Umetoka kazini, mwanangu?" kwa sauti ya mtu anayesifu.

Wivu wangu, basi, haukuanzia kwenye ule mlima nitakaousimulia. Ulianzia kwenye vitu vidogo vya aibu. Watoto wangu wakisikia kikohozi cha shangazi yao getini huacha kila walichoshika. Mume wangu, ambaye nyumbani maneno yake ni ya kuhesabika, akikaa na dada yake hucheka mpaka afute machozi. Nikiingia na kuuliza, "Mnacheka nini?" hunijibu, "Aa, mambo ya zamani tu," na kicheko kinaondoka kama mgeni aliyekumbuka safari. Nimekaa na hilo miaka mingi. Mtu huzoea kiatu kinachobana, lakini mguu haukomi kujua.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wa daftari. Kila baada ya miaka minne tunaandika upya daftari la hatari za wilaya, na humo ndimo mpango wa dharura unamotoka. Kila hatari, iwe mafuriko, ukame, moto wa nyika, radi au maporomoko ya ardhi, hupewa namba mbili kati ya moja na tano: ya kwanza uwezekano wa kutokea, ya pili ukubwa wa madhara. Tunazizidisha. Ikifika kumi na tano au zaidi, hatari hiyo ni daraja la kwanza, na wilaya inalazimika kuchukua hatua kabla ya mvua. Chini ya hapo ni daraja la pili, ambalo kwenye karatasi linaitwa "kufuatilia," na maana yake ni kuachwa.

Kuna kanuni moja zaidi, na niliitunga mimi. Zamani kila mwenyekiti wa mtaa alikuwa akituletea hatari yake na kuitilia chumvi ili mtaa wake utangulie. Nikapendekeza kwamba taarifa ya mtaalamu ihesabiwe yote, na ya mtu mwingine yeyote ihesabiwe nusu, mpaka mtaalamu aende mwenyewe, apime, atie sahihi. Kikao kilinipigia makofi. Ilikuwa kanuni nzuri, na niliijivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Sikufikiri kwamba mlima haujui ni nani aliyeutazama.

Mlima wenyewe ni mteremko mkali nyuma ya mtaa wa juu. Chini yake kuna safu ya nyumba, na mwisho wa safu hiyo kuna shule ya msingi. Madarasa mawili ya watoto wadogo yamejengwa nyuma kabisa ya uwanja. Kutoka ukuta wake wa nyuma hadi ardhi inapoanza kupanda ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Humo walisoma watoto tisini na sita.

Nilizunguka mtaa ule siku mbili, na fomu zangu kwenye ubao wenye kibanio. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Kumewahi kutokea maporomoko ya ardhi hapa?"

"Hakuna."

"Mmewahi kuona dalili zozote za ardhi kusogea?"

"Hakuna, mama. Sisi tuko salama kabisa."

Nikaandika hakuna, hakuna, hakuna, nikapanda gari la ofisi, nikarudi.

Wiki chache baadaye Katani alikwenda mtaa huo huo kumwona muuguzi aliyekuwa amejifungua. Hakuwa na fomu. Jumatatu yake aliweka chai mbele yangu, akabaki amesimama.

"Wifi, ule mlima unashuka."

"Nani kakuambia?"

"Milango."

Nikamtazama. Akavuta kiti.

"Nilitaka kufunga mlango wa chumba cha mzazi, upepo ulikuwa unampiga mtoto. Ukagoma. Nikauliza, huu vipi? Wakasema, umeanza tangu mvua za mwaka juzi, mbao zimevimba. Nikaenda nyumba ya pili kuazima sufuria, nao mlango wao unakwaruza. Nikaona basi, ngoja nipite zote. Nyumba kumi na moja, wifi. Zote zinagoma kona ile ile ya juu, upande wa mlimani. Sasa mbao za nyumba kumi na moja zivimbe kona moja, zimeambiana?"

Chuoni tulifundishwa hivyo. Ardhi ikianza kusogea polepole, miimo ya milango hupinda kabla ukuta haujapasuka. Niliandika kwenye daftari langu, nikajibu kwenye mtihani, nikapata. Na nilisimama kwenye milango hiyo hiyo kumi na moja, mkono umeigusa nikibisha hodi, na sikuuliza. Hofu ya watoto ilikuja baadaye. Wa kwanza kufika ulikuwa wivu.

"Tutaangalia," nikamwambia.

Yeye hakungoja kuangaliwa. Jumamosi ile alipanda juu ya shule, akatafuta kwenye majani mpaka akauona ufa, mrefu, unaotoka kwenye jiwe kubwa hadi karibu na tangi la maji. Akapigilia vigingi viwili, kimoja upande huu wa ufa na kingine ng'ambo. Kwa kuwa hakuna aliyempa tepu, alifunga uzi wa katani kwenye kigingi cha kwanza, akauvuta hadi cha pili, akapiga fundo pale ulipogusa. Kila Jumamosi akarudi kufanya hivyo hivyo, kwa uzi ule ule. Jumanne iliyofuata Jumamosi ya tisa, alipoushusha uzi huo mezani kwangu, mafundo ya mwanzo yalikuwa yamekaribiana kama shanga, na kati ya yale matatu ya mwisho ungeweza kulaza viganja vyako viwili.

Mkuu wa kitengo, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliushika uzi akauangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nne kwa uwezekano," akasema. "Madhara, tano, kuna watoto. Ishirini. Nani kaleta taarifa?"

"Mimi," Katani akasema.

Mkuu akaangalia kikombe chake. "Mhudumu kwa kanuni si mtaalamu. Inakuwa kumi." Akanigeukia mimi. "Mama, panda ukaithibitishe, utie sahihi, irudi ishirini. Daftari linafungwa tarehe thelathini, na mvua ni mwezi unaofuata. Ikiwa kumi, wale watoto watabaki mle ndani msimu mzima."

Ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Sikupanda tarehe kumi na tatu, wala kumi na nne. Nilikuwa na ramani ya mafuriko ya kumalizia, hiyo ni kweli. Nilikuwa na gari la kugombania na idara ya maji, hiyo pia ni kweli, ingawa kutoka ofisini hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Fomu ya mlima niliiweka kwenye droo ya chini. Katani hakuniuliza. Aliweka chai, akafagia chini ya meza yangu, akainua miguu ya kiti changu kwa adabu kama kawaida, na kila siku ikazidi kuniuma kwamba hanisukumi. Angenisukuma ningepata cha kujibu.

Nilitaka awe amekosea. Hilo ndilo lililokuwamo ndani ya droo. Nilitaka siku moja nipande pale na tepu ya chuma, nikute majani tu na mtaro wa ng'ombe, nishuke niseme kwa upole, "Wifi, umejitahidi."

Jumapili ya tarehe ishirini na nne tulikula kwa mama mkwe, kama tunavyofanya kila mwezi. Meza ilikuwa imejaa, na mama alikuwa na furaha.

"Mwanangu kaniambia mlima unatembea," akasema. "Hakuna hata mmoja wa mabwana wakubwa huko aliyeuona. Kauona yeye."

"Kwa milango!" mume wangu akasema, na kuanza kucheka. "Huyu tangu mdogo. Alikuwa akijua baba kaamka kwa jinsi kuku walivyonyamaza."

"Shangazi, tupeleke tuone ufa," binti yangu akadakia.

Nikaweka kijiko chini. "Ufa hauonwi, unapimwa," nikasema. "Kupiga mafundo kwenye uzi si utaalamu. Watu tumekaa darasani miaka mitatu kwa ajili ya hayo."

Mume wangu aliangalia sahani yake. Mama mkwe akasema taratibu, "Na yeye angekaa darasani, mama, kama si kukaa na mzee."

Katani ndiye aliyetuokoa sote. "Ah, wifi kasema kweli! Uzi wangu wenyewe paka kautafuna fundo la nne. Mtaalamu gani anaibiwa data na paka?" Wakacheka, chakula kikaendelea. Mimi nilitafuna bila kuonja. Hata aibu yangu alikuwa ameifunika yeye, kwa kanga yake, mbele ya watu wake.

Tulipokuwa tunaosha vyombo uani, yeye anaosha mimi nafuta, alisema bila kugeuka, "Wifi, ile fomu."

"Nitaishughulikia."

"Andika jina lako."

"Lazima nikapime kwanza."

"Kapime. Nasema, hata pale juu, panapoulizwa nani kaleta. Andika lako. Ukiandika langu watauliza tena, watazungusha tena, tarehe itapita. Mimi jina langu kwenye karatasi la nini? Nitalipeleka wapi?" Akanipa sufuria. "Wale wa darasa la kwanza, wifi, kuna mmoja hajajua hata kuvaa viatu. Kila siku anavigeuza. Nikipita namvalisha."

Nikaifuta sufuria ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Angekuwa amesema kwa uchungu, au kwa ujanja, ningejikaza. Alisema kama mtu anayekuambia chukua kiti hiki, mimi nitakaa chini. Sikuwahi katika maisha yangu kuwa na kitu ambacho ningekitoa hivyo.

Kesho yake tulipanda pamoja. Nilibeba tepu na kamera, yeye alibeba maji. Njia ilikuwa imejaa mawe madogo yanayoteleza, na alinitangulia akinionyesha pa kukanyaga. Ufa ulikuwapo. Haukuwa mtaro wa ng'ombe. Upande wa chini ulikuwa umeshuka kama ngazi, na majani yaliyoning'inia pembeni yalikuwa na mizizi hewani. Nilidondosha kokoto ndani, sikusikia ikifika.

Nilipima kutoka kigingi hadi kigingi. Mita moja na sentimita sabini na moja. Nikalaza uzi wake chini, nikapima hadi fundo la kwanza: mita moja na arobaini. Sentimita thelathini na moja kwa majuma kumi. Kisha nikapima fundo la mwisho, alilopiga juzi yake, nikitafuta tofauti. Nilipima mara tatu. Nilibadili upande wa kushika tepu. Uzi uliokuwa na alama ya meno ya paka ulikuwa sahihi kuliko ramani yangu ya mafuriko.

"Vipi?" akauliza.

"Ni sawa."

"Nilihofia nauvuta sana." Ndicho pekee alichosema.

Chini yetu watoto walikuwa wanahesabu kwa pamoja, kwa sauti zile za kuimba, na kila walipofika kumi na tisa walivurugika wakaanza upya. Nilitia sahihi pale pale, ubao juu ya goti. Kwenye mstari wa chanzo cha taarifa niliandika jina langu na cheo changu.

Tarehe thelathini kikao kilipitisha namba ishirini bila swali. Mkuu aliniambia, "Kazi nzuri, mama," na Katani alikuwa anapita na sinia, akanitilia sukari mbili kama ninavyopenda. Wiki iliyofuata madawati yalibebwa hadi kwenye ghala la zamani karibu na soko, na watoto tisini na sita wakaanza kusomea huko. Kwa mtoto mdogo ni mwendo wa dakika arobaini. Ufunguo wa madarasa ya zamani alibaki nao mwalimu mkuu.

Kisha mvua ikaja, na ilikuwa haba. Kipimo cha Katani kilisoma sita, tatu, sufuri, nane. Wiki saba zikapita na mlima haukuangusha hata jiwe. Watoto walirudi nyumbani na tope hadi magotini, mmoja akagongwa na baiskeli, si vibaya. Wazazi wakaanza kunung'unika, kisha wakaita kikao uwanjani, Ijumaa mchana. Walikuja na mikokoteni mitatu ya kurudishia madawati. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyechoka na lawama, alikuwa amekwisha kutoa ufunguo, ameushika mkononi.

Jina lililokuwa kwenye amri ya kuhamisha watoto ni langu, kwa hiyo nilikwenda. Katani alikuja kunishikia majalada.

Msemaji wao alikuwa fundi viatu mwenye kibanda kando ya geti, baba wa mapacha wa darasa la kwanza. "Mama mtaalamu," akasema, "tumeambiwa mlima unatembea. Sisi tunaishi nao. Asubuhi tunaamka tunaukuta palepale. Au unatembea sisi tukilala?"

Wakacheka. Nikafungua jalada. Nikaeleza uwezekano nne, madhara tano, nikaeleza kuzidisha. Nilisikia sauti yangu ikizidi kuwa nyembamba.

"Tano ya nini?" mwanamke mmoja akauliza. "Hatujaja kwenye hesabu."

"Mwanangu anatembea maili mbili kwa ajili ya ishirini yako!"

"Mwalimu, tupe ufunguo!"

Mwalimu mkuu akanitazama, kama anayesema nimekungoja, huna zaidi ya hayo? Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye karatasi, na watu hawakuwa wanatazama karatasi. Mkono wake ukaanza kunyooka.

"Fundi, ni mimi," Katani akasema.

Alikuwa ameweka majalada chini juu ya jiwe.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema mlima unashuka. Huyu nilimsumbua tu mpaka akapanda akapima. Kwa hiyo kama ni kutukanwa, nitukaneni mimi. Lakini mmoja mmoja, nisikie vizuri."

Wakacheka tena, na kicheko hiki kilikuwa kingine kabisa. Nilisimama pale na jalada langu wazi. Kwa sifa nilimwonea wivu, sasa nikamwonea wivu kwa lawama. Mimi iliniangukia kama mawe. Yeye aliipokea kama mtu anayempokea jirani mzigo.

"Fundi," akaendelea, "mlango wako wa chumbani siku hizi unafunga?"

"Ule? Nimeuchonga mara mbili tangu mwaka uanze."

"Na wako, mama wa nyumba ya pili?"

"Tumeung'oa, tumeweka pazia."

"Haya. Mlango mmechonga. Mlima nao mtauchonga? Twendeni juu. Ni robo saa. Mkishaona, mkitaka ufunguo, mimi mwenyewe nitasukuma mkokoteni wa kwanza."

Walipanda kama ishirini, wanaume na wanawake, wakitaniana njiani nani ana kitambi. Mimi na mwalimu mkuu tulifuata nyuma. Walipofika kwenye ufa utani ulikatika mmoja mmoja, kadiri walivyouona. Fundi viatu alilala kifudifudi kwenye majani, akaingiza mkono, ukaenda hadi begani, akaendelea kuuzungusha ndani akitafuta chini. Alipoutoa aliukung'uta, akakaa chini akitazama mapaa ya madarasa mawili. Kutoka pale yanaonekana kama yako miguuni pako, kama ungeweza kuyafikia kwa kutupa kofia.

"Ufunguo ubaki kwako, mwalimu," akasema hatimaye. "Mikokoteni tutabebea watoto. Tutapeana zamu."

Hakuna aliyepinga. Mwalimu mkuu akaurudisha mfukoni, na nikamwona akishusha mabega.

Mwanamke aliyekuwa ameniuliza tano ya nini alinisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, nisamehe. Kwa hiyo wewe uliliona hili, na sisi tukakucheka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeliweka hili kwenye droo ya chini siku kumi na tatu. Maneno yalikuwa tayari, si mengi.

Katani akajibu kabla yangu, amepiga magoti kwenye kigingi, uzi mkononi. "Ndiye aliyeandika, dada. Asingeandika yeye, watoto wangekuwa humo mpaka leo."

Mwanamke yule alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaukaza, akasema asante mama, asante sana, na wengine wawili wakaja nyuma yake kufanya hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kunishika mkono hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa nimeungoja miaka kumi na saba. Nikaupokea. Sikumsahihisha wifi yangu.

Yeye hakugeuka hata kuona uso wangu ulivyokuwa. Alivuta uzi hadi kigingi cha pili, akapiga fundo, akaniuliza tepu inasemaje. Nikainama nikasoma. Sentimita hamsini na tatu tangu fundo la kwanza. Nikaandika.